Umeme Ukirudi

Mwishehe ni mtu wa kukera. Naanza na hilo kwa sababu tangu yatokee yaliyotokea, nusu ya watu wa Mapinga wamemfanya shetani na nusu nyingine wamemfanya walii, na mimi niliyemuuzia waya kwa miaka kumi na moja najua kuwa hayuko huku wala kule. Anakera tu. Ukimpa sakiti breka mpya, anaigeuza, anaitikisa karibu na sikio, anainusa. Ukimwambia, "Mwishehe, hiyo ni plastiki, si papai," anacheka kicheko chake cha puani, kisha anaanza kukusomesha. Wateja wamepanga mstari nyuma yake, yeye anasomesha.

Duka langu la vifaa vya umeme liko hapa barabarani, na yeye alikuja kwanza akiwa fundi wa kawaida. Mzaliwa wa Kaole, mtoto wa watu wa kukausha dagaa, alifundishwa kazi na fundi mmoja mzee pale Bagamoyo mjini aliyekuwa akimpiga kibao cha shingo kila anaposahau kukaza skrubu. Akatoka huko na adabu ya kazi. Nyumba aliyoitandaza nyaya Mwishehe unaijua kwa macho: nyaya zimenyooka, boksi limefungwa vizuri, na ndani ya kifuniko ameandika kwa mwandiko wa shule breka ipi ni ya chumba kipi.

Halafu zikaja breka za simu. Ni breka kama nyingine, ina kitufe chake cha kupandisha na kushusha, ila ndani ina kadi ndogo inayoshika Wi-Fi, kwa hiyo unaweza kuizima na kuiwasha kwa simu. Wenye viwanja huku kwetu wengi wanashinda Dar, wanarudi jioni, na walizipenda mno. Mtu yuko kazini Kariakoo, anawasha pampu ya kisima Mapinga, akifika nyumbani tangi limejaa. Niliziuza mpaka nikaona nimepata.

Furaha ile haikufika mwaka. Breka zile zilikuwa hazimsikilizi mwenye nyumba moja kwa moja. Ukibonyeza simu, amri inakwenda kwanza ng'ambo, kwenye mashine za kampuni iliyozitengeneza, ndipo inarudi hapa kuwasha pampu iliyo hatua kumi kutoka ulipokaa. Kifurushi kikiisha, breka haikusikii. Siku moja kampuni ikafunga ile huduma yake, basi, breka zote nilizouza zikawa hazijui mtu. Watu walinijia dukani wamevimba. Mmoja aliniwekea breka yake mezani akaniambia nimpikie.

Ni Mwishehe aliyenivua aibu ile, na sitakaa nikalikana hilo. Alichukua moja, akaipasua kwa kisu cha jikoni, akakaa nayo wiki tatu. Aligundua kwamba kuna watu duniani, Wajerumani, Wabrazili, sijui nani, wameandika programu huria, ya bure, ambayo yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuiweka ndani ya vifaa kama vile badala ya ile ya kiwandani. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, lakini alikuwa na kamusi ya shule iliyochanika jalada, na kila neno asilolijua alilitafuta. Akalehemu nyaya nne nyembamba kwenye kadi, akaiunganisha na kompyuta, akaiflashi, kama wanavyoflashi simu. Breka ikaamka, na safari hii haikuwa na habari na ng'ambo. Ilisikiliza kompyuta ndogo, ukubwa wa kiberiti, aliyoifunga ukutani ndani ya nyumba ya mteja pamoja na betri yake. Kifurushi kiwepo kisiwepo, unabonyeza, inatii.

Na kwa sababu programu ile iliruhusu kubadilishwa, aliitafsiri yote. Maneno yake yalikuwa ya Kiswahili: Washa, Zima, Imewaka, Imezimwa, Umeme umekatika, Umeme umerudi. Hata saa aliipanga ihesabu Kiswahili, saa nne iwe saa nne kweli na si kumi. Alijivunia saa ile kuliko mtu anavyojivunia mtoto aliyehitimu Kurani. Nyumba thelathini na moja alizifunga hivyo, kuanzia hapa mpaka Kaole, na jina lake likawa kubwa.

Sasa nieleze habari ya pweza wa Abdala, maana ndiyo mzizi wa mambo.

Abdala wa Kaole ananunua pweza kwa wavuvi, anawagandisha, anauza mahotelini. Friza zake mbili zilikuwa kwenye breka ya Mwishehe. Katika programu ile kuna mahali unapoulizwa: umeme ukikatika kisha ukirudi, breka ifanye nini? Ikae imezimwa mpaka uiambie, irudi kama ilivyokuwa, au iwake moja kwa moja? Mwishehe, mwanafunzi wa yule fundi wa vibao vya shingo, aliziweka zote zikae zimezimwa. Alisema kitu cha umeme kisijiwashe chenyewe pasipo mtu. Basi Abdala akaenda harusini Tanga siku mbili, huku nyuma umeme ukakatika robo saa, ukarudi, friza zikabaki kimya. Aliporudi, harufu ilimpokea njiani.

Alimtafuta Mwishehe akamkuta hapa hapa dukani kwangu, mbele ya watu, akamtukana matusi ambayo sitayaandika. "Kifaa kinachongoja kuambiwa ni kifaa gani hicho? Huku kwetu umeme unakatika na kurudi kila siku, mie nikae mlangoni kuungojea?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na nikaongeza langu. Nilimwambia, "Mwishehe, wewe unatengenezea Wajerumani au unatengenezea watu wa Pwani?" Nilijiona mjanja sana siku ile.

Wiki ile ile alipita nyumba zote akabadilisha. Umeme ukirudi: Washa. Friza, pampu, taa za uani, zote, hata lile chaguo la kurudi kama ilivyokuwa hakulitaka, kwa sababu alihofia mtu akizima friza kwa bahati mbaya umeme ukikatika itabaki imezimwa na atatukanwa tena. Kuanzia hapo kila breka mpya aliiweka hivyo bila kuuliza, na wateja walifurahi. Hakuna aliyewahi kutamka kwamba hilo neno moja linahusu friza na linahusu pampu kwa namna mbili tofauti.

Mtoro alikuwa mteja wake wa mwisho. Mtu wa Kiwangwa, kwao ni walima mananasi, lakini yeye alinunua kiwanja hapa Mapinga akachimba kisima, akawa analima mchicha, bamia na matembele ya kuwauzia watu wanaorudi kutoka mjini. Mkewe Saida alikuwa rafiki yangu. Mwanamke wa maneno machache, mikono yake haitulii, akizungumza nawe anamenya kitu. Walikuwa na mtoto mmoja, Lulu, wa miaka tisa. Lulu alimwamini mama yake kupita kiasi. Saida akimwambia mvua itanyesha, mtoto anaanua nguo jua likiwa kali.

Boksi la umeme lilikuwa ukumbini, mbali na kisima, na Mtoro alichoka kwenda na kurudi na miguu ya tope. Mwishehe alipomaliza kufunga alimwekea Saida ule ukurasa kwenye simu yake, akamfundisha. Nilikuwepo, nilipeleka waya uliopungua. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, na kifua mbele, "Shemeji, kuanzia leo mguu wako usiende tena kwenye boksi. Kila kitu kiko hapa kidoleni."

Siku ya tukio ilikuwa Jumatano, asubuhi, jua zuri. Kiungo cha waya wa pampu karibu na mdomo wa kisima kilikuwa kimelegea, maji yanatoka kwa kusitasita. Saida alikuwa nyuma ya nyumba anakuna nazi. Mtoro akapaza sauti kutoka bustanini, "Saida, zima pampu!" Saida akafuta kidole gumba kwenye kanga, akabonyeza. Ikaandika Imezimwa. Akamjibu, "Tayari!" Akaiweka simu mapajani, akaendelea na nazi. Mtoro akavua utepe wa kile kiungo, amesimama miguu mitupu kwenye mfereji wa mchicha.

Hapo katikati umeme wa mtaa ulikatika, dakika sita. Nani ataujua mchana kweupe, uani, hakuna redio wala feni? Kisha ukarudi.

Saida alisikia kishindo, si yowe. Alipoinua simu kuona kuna nini, iliandika Imewaka, kwa rangi ya kijani. Alibonyeza kuzima, akakimbia. Majirani walimkuta amemshika mumewe kichwa, amelowa tope mpaka kifuani, anarudia neno moja: "Nimebonyeza. Nimebonyeza."

Mwishehe alifika baada ya dakika ishirini, wamempigia aje aukate umeme wa nyumba nzima. Aliukata. Kisha, watu wakiwa wamejaa bustanini, aliingia ukumbini peke yake akafungua ile kompyuta ndogo, maana ilikuwa inaandika kila kilichotendeka, kwa Kiswahili chake na kwa saa yake. Alisoma:

4:31. Zima. Simu ya Saida.
4:38. Umeme umekatika.
4:44. Umeme umerudi. Washa.
4:45. Zima. Simu ya Saida.

Mistari minne. Saida hakuiwasha pampu. Aliyeiwasha ni Mwishehe, miezi kadhaa nyuma, kwa neno moja aliloliweka kwa kuogopa kutukanwa.

Polisi walikuja, wakaandika ajali ya umeme. Maiti ilizikwa siku ile ile alasiri. Kabla jeneza halijainuliwa, Yahya, kaka wa marehemu, alisimama uani na sote tulimsikia, hata sisi wanawake tuliokuwa ndani. Alisema ndugu yake alikuwa binadamu, na binadamu hukosea. Kama kuna mtu Mtoro alimkosea kwa neno au kwa kitendo, familia inaomba amsamehe. Wanaume wakaitikia, "Tumemsamehe." Ndivyo tunavyozikana. Sikujua kwamba katika sauti zile ilikuwemo ya Mwishehe.

Siku ya tatu, baada ya hitima, alikuja dukani. Alikaa kwenye ndoo ya rangi, akanieleza yote, akanionyesha ile mistari minne kwenye simu yake. Halafu akasema, "Dada Maulida, walipoombwa wasamehe na mimi nikaitikia. Nikasema tumemsamehe. Mimi."

Akaendelea, "Saida yuko eda. Mimi siwezi kuingia. Wewe unaingia. Mwambie."

Na hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa ya Mwishehe peke yake. Nilimwambia hapana. Nilimwambia Mtoro hatafufuka kwa kusemwa. Nilimwambia hakuna anayemlaumu Saida, watu wote wanasema ni kudra, na yeye akijitia kimbelembele atamalizia jela na mama yake mzee abaki bila mtu. Nilisema mengi, yote ya kumhurumia. Sikumwambia kwamba breka zile zinaning'inia kwenye ukuta wa duka langu, na juu yake nimeandika kwa kalamu nene: FUNDI MWISHEHE, UHAKIKA.

Alinyanyuka, akasema, "Sawa dada." Aliondoka amepoa, na mimi, Mungu ananiona, nilipoa pia.

Miezi iliyofuata alifanya jambo moja tu. Alizipita nyumba zote thelathini na moja, nyumba kwa nyumba, akafungua kila breka. Friza akaziacha zijiwashe. Pampu na vingine vyote akavirudisha vilivyokuwa kabla ya pweza wa Abdala, umeme ukirudi vikae vimezimwa. Kwenye kila pampu akafunga swichi ya mkono palepale kisimani, ya kuvuta chini na kufunga kwa kufuli. Hakuchukua hata chai. Wakimuuliza anajibu, "Programu mpya." Akapungua mwili. Akaacha kusomesha watu, na mimi niliyekuwa nakereka na masomo yake nikawa nayakosa.

Mwishoni mwa siku arobaini alijikaza akaenda kwa marehemu. Bi Hija, mama yake Mtoro, aliyekuwa anakaa na mkwewe wakati wa eda, alimpokea barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Wewe ndiye uliyemfungia mwanangu zile taa, alikuwa akikusifu sana."

Akamletea wali na mchuzi wa nazi. Mwishehe alikula, akashukuru, akaondoka. Kati ya baraza na chumba cha Saida kulikuwa na pazia tu. Eda haimzuii mtu kusema la haki nyuma ya pazia. Alilijua hilo, nami nililijua, na kila mmoja wetu aliifanya eda ya yule mwanamke kuwa kichaka cha kujificha.

Mimi nilikuwa naingia. Nilikwenda kila Ijumaa, nimebeba sukari na sabuni, najiona mtu mwema. Saida alikaa kwenye mkeka, nguo nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue mikono yake ilikuwa imetulia. Kidole gumba cha kulia alikifunga kitambaa. Mara ya kwanza nilidhani amejikata. Mwezi wa tatu nikamuuliza.

"Sijajikata, da Maulida," alisema. "Sitaki kukiona."

"Saida, ile ni kudra. Hukufanya kitu."

"Simu ilikuwa mapajani mwangu. Pampu niliizima, ikawaka. Umeme wangu ulikuwa kwenye kidole hiki, aliniambia fundi mwenyewe. Nani mwingine?"

Neno lilifika mdomoni. Naapa lilifika. Bi Hija akaingia na uji, nikalimeza, nikashukuru kwa uji. Nilijiambia nitalisema Ijumaa ijayo. Ijumaa ijayo Lulu hakuwepo.

"Yuko wapi mwanangu?" niliuliza.

Bi Hija akatazama chini. Saida akanijibu mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza bei ya mchele. "Amekwenda Kiwangwa kwa baba yake mkubwa, Yahya. Nilimweleza. Nilisema asije akasikia kwa watu, bora asikie kwangu. Nilimwambia, aliyemuua baba yako ni mimi, kwa kidole changu, bila kukusudia. Tangu siku hiyo hali chakula ninachokigusa. Akikaa hapa atakufa na njaa."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Kaole, nikamkuta Mwishehe amekaa kizingitini. Nilimfokea. Nilimfokea kana kwamba kosa lote ni lake na mimi nimelisikia siku ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilikuambia umwambie."

"Twende sasa hivi."

"Zimebaki wiki tano. Nikimwambia nyuma ya pazia hataniona uso. Nataka anione."

Ilikuwa hila nyingine hiyo, nikaikubali. Wiki tano tena yule mwanamke alikaa na kidole chake.

Siku aliyotoka eda, wanawake walimwogesha, wakamvisha kanga mpya, wakachoma udi. Wageni walipopungua nikamwita barazani. Mwishehe alikuwa amesimama uani, chini, hakutaka kukaa. Bi Hija alikuwepo. Alisema yote kwa mpangilio, kama anavyoeleza nyaya: pweza wa Abdala, lile neno Washa, dakika sita, mistari minne. Hakujitetea. Alipomaliza akamnyooshea simu asome. Saida hakuipokea.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Siku ile ile, shemeji. Kabla hajaoshwa."

Akanigeukia. "Na wewe, da Maulida?"

"Siku ya tatu," nilisema.

Alihesabu kimya kimya, midomo inacheza. Najua alikuwa anahesabu Ijumaa. Kisha akaanza kukifungua kile kitambaa, taratibu, na kidole kilitoka cheupe, kimenyauka. Bi Hija alilia kwa sauti. Saida hakulia. Hakutukana pia, na ningetoa chochote anitukane.

"Mimi msinieleze tena," alisema. "Nendeni mkamweleze Lulu."

Tulikwenda Kiwangwa kesho yake, Mwishehe, mimi, Bi Hija, na Saida ambaye aliamka alfajiri akapika vitumbua, akavifunga kwenye bakuli. Njia nzima alilipakata. Yahya alitupokea, na Mwishehe alimweleza kwanza yeye, faragha, huko kwenye mananasi. Sijui waliongea nini. Nilimwona Yahya ameinua jembe, kisha nikamwona ameliweka chini na kuketi juu ya udongo. Waliporudi macho yao wote wawili yalikuwa mekundu.

Lulu alikuwa nyuma ya nyumba, anachambua machipukizi ya mananasi ya kupanda, makubwa huku, madogo kule. Amerefuka. Alitusalimu sote, shikamoo moja moja, na mama yake akampa yake vizuri kama wengine. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alimwamkia vizuri.

Mwishehe alichuchumaa mbele yake. "Lulu, mimi ndiye fundi niliyefunga ile breka ya pampu. Nimekuja kukuambia kwamba si mama yako aliyeiwasha. Ni mimi. Niliipanga ijiwashe umeme ukirudi. Mama yako aliizima, na alifanya sawa." Akampa simu. "Wewe unasoma. Hebu soma hapa."

Mtoto aliifuta mikono kwenye gauni, akaipokea, akasoma kwa sauti, polepole, mistari yote minne. Akarudia ule wa tatu.

"Hapa hapana jina la mama," alisema.

"Ndiyo maana yake. Hakubonyeza."

"Nani ameandika?"

"Mashine imeandika, yenyewe."

"Mashine ya nani?"

"Ile ya ukumbini kwenu. Niliitengeneza mimi."

Lulu akamrudishia simu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Mama aliniambia ni yeye," alisema. "Mama hasemi uongo, mjomba."

Saida akapiga magoti pale pale kwenye udongo. "Mwanangu, sikusema uongo. Nilikuwa sijui. Nilidhani ni mimi."

Mtoto alimtazama sana. Nilimwona anataka kumwamini. Kila mtu aliyekuwa pale alimwona anataka. Lakini wiki sita alikuwa amelilala na kuliamkia neno la mama yake, na leo watu wazima wanne wamekuja na simu kulifuta, na huyo mama mwenyewe yumo kati yao, na siku zote watu wazima hufuta mambo kwa ajili ya watoto. Akainama akashika chipukizi jingine, akalipima kwa macho, akaliweka upande wa madogo.

Saida alifungua bakuli. Alitoa kitumbua kimoja, akakishika kwa mkono wa kulia, kile kidole cheupe juu yake, akamnyooshea.

"Nimeshiba, mama," alisema Lulu.

Ilikuwa saa tano, na Yahya alikuwa ametuambia muda si mrefu uliopita kwamba watoto wanangoja uji, tangu asubuhi hawajala kitu.